Mlango wa Kave ya Mlimani

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, Ismaël aliinua chuma kilichofunga mlango wa kave kwa nje, akauvuta, na Papa Basile akamwangukia miguuni. Mzee alikuwa ameuegemea mlango kwa ndani. Alikuwa amekufa, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kugonga.

Kave lilikuwa jina la pango lililochimbwa ubavuni mwa mlima, kando ya barabara iendayo Masako, ambamo familia ya mzee ilichachusha mvinyo wa mananasi na marakuja, yale matunda ya pasheni. Mlango wake mmoja ulitazama bondeni. Madirisha hayakuwapo, ila mabomba mawili ya kupitisha hewa darini.

Inspekta Agathe, afisa wa polisi ya mahakama, alifika saa mbili na nusu pamoja na Brigadia Rolly, dereva wake. Mvua ilikuwa inanyesha bado. Alimkuta Ismaël, mtunza ufunguo wa kave, amefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda cha pompi, mashine ya kuvuta maji. Aliyemfunga alikuwa Sylvain, mtoto wa kwanza wa marehemu.

"Njo yeye, Mama Inspekta," Sylvain alisema. "Ufunguo iko kwake, kwa mutu mwingine haiko. Na juzi aligombana na papa, kila mutu alisikia."

"Mufungule."

"Atakimbia!"

"Akikimbia, Rolly atamufata."

Rolly alitazama tumbo lake mwenyewe. "Mama, usimupatie mawazo."

Agathe akaamuru geti lifungwe, asitoke wala asiingie mtu. Kabla hajakunja mwavuli, simu ikalia. Alikuwa mkubwa wake, kutoka mjini.

"Saa sita kamili natuma jeep," alisema. "Batu ya mvinyo ile iko na marafiki wakubwa, wananipigia tangu asubuhi. Jeep haitarudi bure. Kama hauna mwingine, utanitumia ule wa ufunguo."

Agathe alijua maana yake. Mtu maskini asiye na wakili, faili yake inaweza kulala miaka kabla hakimu hajaifungua. Alitazama saa, kisha akasimama kando ya maiti na kuomba kimya: Bwana, nionyeshe, na usiniache nimwonee mtu.

Ndipo akaingia kave. Mlango ulikuwa wazi tangu saa moja, lakini koo lilimwasha bado. Mapipa kumi na mawili yalipangwa kwa mstari hadi mwisho wa pango, na ndani yake maji ya matunda yalisikika yakitokota bila moto. Karibu na pipa la mwisho aliokota mshumaa. Ulikuwa mzima, umeungua ncha tu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupima hewa," Sylvain alijibu. "Mvinyo ikichemuka inatoa hewa mubaya, nzito, inakaaka chini. Unaingia polepole, mushumaa iko ku magoti. Ikizimika, unarudi mbio. Mulango ukiwa wazi, ile hewa inamwangika inje kama maji. Ukifungwa..."

"Na yale mabomba?" Agathe alielekeza tochi darini. Mabomba yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa magunia.

Sylvain aliyatazama magunia. "Mimi njo niliziba. Jana mangaribi. Maji ya mvua ilikuwa inaingia mu pipa."

"Ulimwambia baba yako?"

"Tulikuwa hatusemezani, mama. Tangu mwezi ya tatu. Nilimuomba aandike jina yangu ku etiketi ya chupa, hata kidogo, chini. Akasema nitaandikwa siku atakufa."

Rolly alikohoa. Agathe aliandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, kisha akauliza Sylvain alikuwa wapi alfajiri. Alikuwa kwenye chumba cha chupa, alisema, tangu saa kumi na moja na nusu hadi kelele za Ismaël zilipoanza. Wanawake wawili waliokuwa wakibandika etiketi pamoja naye walithibitisha, kila mmoja akiulizwa peke yake. Hakutoka hata kwenda chooni.

Nje, kando ya mlango, Agathe aliona msumari mrefu usio na kitu.

"Ya kofia," Sylvain alisema. "Ukiingia, unaacha kofia yako hapa. Mutu akiona kofia hawezi kufunga mulango. Papa njo aliweka ile sheria. Kulikuwa mufanyakazi moja alifungiwa, nusura afe."

"Kofia ya baba yako iko wapi sasa?"

Sylvain aliutazama msumari kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona. "Siyui."

Mji mzima ulijua habari za nyumba hiyo. Wakati wa vita, mashua zilipoacha kupita na mananasi kuoza bandarini, Basile alianza kuyachachusha kwenye beseni za mkewe. Baadaye alinunua mlima ambao hakuna aliyeutaka, akakata ngazi za udongo ubavuni mwake, akapanda marakuja juu na mananasi chini. Mwaka hadi mwaka mvinyo ukapata jina: Coteau Sainte-Anne, etiketi ya dhahabu, kwa heshima ya mama yake Anne. Ukamwagwa kwenye harusi za wakubwa, ukapandishwa ndege kwenye uwanja wa Bangboka kwenda hoteli za Kinshasa. Watu walisema ulimi wa Papa Basile hauna mwenzake nchini. Agathe mwenyewe alikunywa glasi moja siku ya ndoa ya dada yake, na hakuisahau.

Saa tatu kamili alikaa na Ismaël kwenye kibanda cha pompi. Alikuwa mtu wa jimbo la Maniema, miaka hamsini hivi, Mwislamu wa swala tano. Ndiyo maana alipewa ufunguo: Basile alitaka mtu ambaye hata akibaki peke yake na mapipa kumi na mawili hataonja hata moja.

"Ulifungua kufuli saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Nilimaliza kusali, nikafungula. Papa alikuwa pale na mushumaa yake, na kofia. Akaniambia, 'Ismaël, wewe unaamushaka jogoo.' Anacheka. Mi nikashuka ku pompi."

"Mvua ilikuwa imeanza?"

"Bado, ilikuwa kukavu. Ilianza nikiwa hapa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Naangaliaka saa sababu ya mafuta ya mashini."

"Hukusikia akigonga?"

"Mama, pompi na mvua ku mabati? Hata ungenipigia tarumbeta ku masikio."

"Na uliporudi?"

"Chuma iko ku mulango, bila kufuli. Musumari haina kofia. Nikasema, papa ameisha toka. Nikafungula nianze kazi yangu."

Agathe aliweka kalamu chini. "Sikia. Ungesema mlango ulikuwa wazi, nani angekupinga? Habari ya chuma inakufunga wewe. Kwa nini umeisema?"

Ismaël alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa. "Lakini ilikuwa imefungwa, mama."

Agathe alichukua tena kalamu. Aliuliza habari za ugomvi.

"Nilimuomba siku kumi niende Kindu. Mama yangu iko mugonjwa. Akakatala. Pa nyumba hii hakuna mutu anatokaka. Angalia hata Chancelle."

"Chancelle ni nani?"

"Binti ya papa. Iko na miaka makumi mbili na tisa. Bon, mi niko mutumishi tu, lakini..." Alisugua alama za kamba. "Papa hakuwa na pua tena, mama. Tangu alipata ile ugonjwa, miaka tano sasa. Nyama inaungua mbele yake, hajui. Sasa mvinyo ni nani anaonjaka? Ni Chancelle. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, papa anatoka kave, anamuita mu chumba ya nyuma, wanafunga mulango. Ulimi ni ya binti, jina ni ya papa. Bwana arusi yake alikuya na familia mara tatu. Mara tatu papa aliwarudisha."

Mama Philomène, mjane, alikuwa jikoni. Hakuwa analia. Alikuwa akiponda makemba, zile ndizi za kupika, kwa chakula cha lituma, kwa ajili ya watu watakaokuja kwenye matanga, na mchi haukukosa pigo hata Agathe alipomsalimu.

"Pole, mama."

"Asante, binti yangu. Kaa."

"Chancelle iko wapi?"

"Alienda soko."

"Na mvua hii yote?"

"Ukichelewa, samaki inaisha."

Agathe aliuliza kama yeye mwenyewe aliingia kave asubuhi hiyo. Mama alitikisa kichwa. Alikuwa mtu wa kanisa la uamsho, na kanisa lake halikunywa. Tangu kave ichimbwe, miaka ishirini na sita, hakuwahi kuingiza mguu ndani.

"Mume wangu alikuwa Mukatoliki," alisema. "Kila mutu na njia yake. Asubuhi anawasha mushumaa, anafanya musalaba, anaingia kusali kule. Nilikuwa namuona kwa dirisha hii. Sikumusumbuaka mutu anayesali."

Saa tatu na dakika ishirini ndege ilipita juu ya mawingu, ikielekea magharibi. Mchi ulisimama. Mama Philomène aliinua uso darini, midomo ikatembea bila sauti, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akaanza kuponda tena.

Agathe alikwenda ukumbini akampigia mwenzake wa Bangboka. Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Ndiyo, Chancelle alikuwa kwenye ndege ya Kinshasa. Aliandikishwa saa moja kasoro dakika kumi. Na ndiyo, wanamfahamu vizuri pale: mwezi wa tatu baba yake alipiga simu, akamtoa kwenye chumba cha abiria mbele ya watu wote, kama mwizi.

"Alors, imeisha!" Rolly alisema. "Anafunga papa, anapanda pikipiki, anaruka. Tuachilie ule mutu wa Maniema, twende tukule."

"Ngoja. Kutoka hapa hadi Bangboka kwa pikipiki ni muda gani?"

"Na matope? Saa moja, na zaidi kidogo."

"Basi aliondoka kabla ya saa kumi na mbili kasoro robo. Sasa nataka kofia."

Aliitafuta kwenye majani chini ya mlango wa kave, kwenye pipa la takataka, kwenye njia iendayo mtoni. Hakuiona. Saa nne na nusu alimwomba mjane ruhusa ya kuangalia vitu vya marehemu, na mama akamwonyesha chumba chao cha kulala kwa kidole, bila kusita.

Kofia ilikuwa pale, kwenye kigingi juu ya kitanda. Ilikuwa ya kijivu, ya kitambaa kizito. Agathe aliigusa: imelowa. Ndani ilijazwa magazeti yaliyokunjwa vizuri ili isipoteze umbo, na ukingo wake ulikuwa umepanguswa.

Alikaa kitandani, akaiweka magotini. Muda ulikuwa unakwenda, na alihisi kuta za nyumba ile zikimsogelea, kana kwamba na yeye alikuwa wa nyumbani na hana ruhusa ya kutoka. Akaomba tena, safari hii apewe ujasiri, kwa maana jibu alikuwa nalo tayari, na hakulipenda.

Saa sita kasoro dakika tano, honi ya jeep ililia getini. Askari wawili walishuka na pingu. Agathe aliwaambia wasubiri kwenye baraza, akawaita wote ukumbini. Ismaël alibaki amesimama karibu na mlango, mikono mbele, tayari kufungwa.

"Sylvain," Agathe alisema, "tafadhali, niletee kofia ya baba yako. Iko chumbani kwake, juu ya kitanda."

Sylvain hakuinuka. "Mama Inspekta, mi siingiake mule. Mutoto mukubwa haingie mu chumba ya wazazi."

"Chancelle anaingia?"

"Hapana. Hakuna mutu anaingiaka."

"Ismaël?"

"Mimi?" Ismaël alishtuka. "Hata mu salon hii naingia leo tu, sababu unaniita."

Agathe aliileta mwenyewe, akaiweka mezani. "Papa Basile aliingia kave saa kumi na moja na nusu. Kulikuwa kukavu. Hakutoka tena akiwa hai. Lakini kofia hii imelowa. Maana yake ilikuwa bado msumarini mvua ilipoanza, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mtu aliitoa baada ya hapo. Chancelle alikuwa barabarani, Sylvain alikuwa na wanawake wawili wa etiketi, Ismaël hawezi kuingia chumba kile bila nyumba nzima kupiga kelele."

Aliigeuza kofia ili magazeti yaliyo ndani yaonekane.

"Mtu angeweza kudhani muuaji aliificha ili tusijue kuna mtu ndani. Ningekubali, kama ningeikuta mtoni. Nimeikuta imepanguswa na kujazwa magazeti. Aliyefanya hivi alitaka kofia ikauke vizuri, mwenye kofia aivae tena kesho. Hakujua kama anaua." Aligeuka. "Mama Philomène, nikikosea uniambie."

Mjane alikuwa amekunja mikono juu ya kitenge chake.

"Ilikuwa inanyeshewa," alisema. "Ile kofia nilimununulia mimi. Sikuweza kuiacha pale inaharibika."

"Mama!" Sylvain aliruka. "Mama, nyamaza!"

"Wewe njo unyamaze. Nimenyamaza vya kutosha, kwa wote." Alimtazama Agathe. "Nilitaka masaa tatu tu. Chancelle alishuka kwa njia ya shamba wakati papa yake anaingia. Kumi na mbili na robo angetoka, angemuita aonje, angekosa mutu, angepiga simu Bangboka kama ile mara. Nilisema nitaweka ile chuma, ndege ikiruka namufungulia, anipige akitaka. Nilisimama kule jikoni kwa dirisha na Biblia. Ismaël alinitangulia."

"Na hewa, mama?" Agathe aliuliza kwa upole. "Hukufikiria hewa?"

"Hewa gani? Mutu iko na mushumaa yake, anasali. Nilisema, wacha asali siku moja kwa murefu, Mungu atamulainisha."

"Mushumaa ilikuwa ya kupima!" Sylvain alipiga kelele. "Ya kupima hewa! Hata watoto wa jirani wanajua!"

"Na mimi nani aliniambia?" Sauti yake haikupanda. "Miaka makumi mbili na sita napika juu ya ile pango. Nani kati yenu alikaa chini akaniambia? Wewe uliziba mabomba, ulimwambia nani?"

Sylvain aliketi, akafunika uso.

Mama Philomène alimgeukia Ismaël. "Nisamehe. Tangu asubuhi namuomba Mungu akutoe wewe bila mimi kufungula mudomo yangu."

"Sasa wangenichukua, mama?" Ismaël aliuliza. "Jeep iko inje. Ungewaacha?"

Mama alimtazama. Alikuwa mtu asiyesema uongo kwa urahisi, na ule wa samaki ulikuwa bado unamchoma.

"Siyui," alisema. "Njo kitu inaniogopesha. Siyui."

Agathe alitoka hadi barazani akawaambia askari warudishe pingu mfukoni. Ismaël atakwenda mjini kama shahidi, atatia sahihi, jioni atakuwa huru kwenda Kindu au popote. Akamkalisha mbele, kando ya dereva. Mama alipanda nyuma, pamoja na Agathe. Rolly akafuata na gari lao.

Jeep ilipofika barabarani, Mama Philomène aliomba jambo moja: Chancelle asiisikie habari kwa mdomo wa Sylvain. Agathe alifikiri kidogo juu ya sheria, kisha akatoa simu yake mwenyewe, akabonyeza namba aliyotajiwa. Ililia mara mbili, akampa mama, naye akaita jina la bintiye.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya furaha, na nyuma yake kelele za Kinshasa. "Tumeshafika! Bwana yangu iko hapa na mimi, anacheka kama mujinga. Papa amefanya fujo sana?"

Mama Philomène alimwambia. Alitumia maneno machache, bila kujitetea hata kwa moja.

"Nakuya kesho," Chancelle alisema.

"Hapana. Ukirudi pale hautatoka tena. Mapipa kumi na mbili inangojea, na Sylvain atakuambia ni ya mwisho, ya mwisho tu. Baki."

"Mama, na matanga? Nisizike papa yangu?"

Hilo mama hakuwa amelifikiria. Alishika simu kwa mikono miwili. Mbele, Ismaël aligeuza kichwa kidogo, kisha akatazama tena barabara. Walivuka daraja la mto Tshopo kabla hajajibu.

"Kuya," alisema. "Kuya na bwana yako, mushikane mukono, batu yote baone. Mulie, muzike. Lakini musilale pale, hata siku moja." Alivuta pumzi. "Na Sylvain akikuletea glasi, Chancelle, unisikilize vizuri: usionje."